Mbiu Isiyo na Mtoaji

Roubaix, 2 Novemba 2017

Ghauti Benauda,

Miaka sita hatujaandikiana. Mara ya mwisho uliniita mlinzi wa makaburi kwa sababu nakusanya kaseti kuukuu. Sijasahau, ila leo nina jambo kubwa kuliko hilo.

Jumapili nilikuwa nazungumza na mama kwa simu. Gari la kampeni la mtu wenu, Haji Benyamina, likapita chini ya dirisha lake na muziki wake. Mama akanikatiza katikati ya neno.

"Nyamaza! Jelul huyo."

"Mama, hilo ni gari la uchaguzi."

"Gari ni la uchaguzi, sauti ni ya mwanangu. Yaliyokufa ni macho, Mukhtaria. Masikio ninayo."

Nikadhani ni ugonjwa unaosema. Figo zake zimechoka, na daktari wa hapo Ain Tefah haongei tena habari za dawa. Lakini usingizi ulinikimbia, nikautafuta wimbo huo kwenye ukurasa wa kampeni yenu. Ni wimbo wa harusi, kodiani na ngoma ya derbuka, umerekodiwa ukumbini. Juu yake mmembandika mtu wa kukodi anayeunguruma: "Na hii ni ya Haji Benyamina, simba wa Ain Tefah, orodha namba nne!" Kabla hajaunguruma, kwa muda wa kupepesa jicho, kuna mtu mwingine. Anakohoa, anasema, "Sikieni, enyi wa—" na anakatwa.

Nimesikiliza mara arobaini. Ni ndugu yangu.

Unajua kazi ya Jelul ilikuwa nini. Unamtia noti mkononi, bendi inashusha sauti, naye anapaza salamu yako ukumbi mzima usikie: hii ni ya fulani, kutoka kwa fulani. Mpiga mbiu wa harusi. Miaka ishirini na mitano tangu wamchukue, nyumbani kwetu haikubaki hata nukta ya sauti yake.

Wimbo huo upo katika tovuti yangu, Kabati la Kaseti. Ulitumwa mwaka 2009 na mtu aliyejiita Msikilizaji. Lakini wa kwangu hauna kile kikohozi. Kwa hiyo aliyewapa nyinyi ana kaseti yenyewe, na mji mzima unajua kalamu ya Haji Benyamina ni yako. Ni nani huyo? Mama anataka kumsikia mwanawe kabla ya kufa. Sikuombi kingine.

Mukhtaria


Ain Tefah, 5 Novemba 2017

Dada Mukhtaria,

Usimtafute mbali. Msikilizaji ni mimi. Kaseti ni ya harusi yangu, Agosti 1992. Ningekuwaje sina kaseti ya harusi yangu mwenyewe? Mke ameondoka, kaseti imebaki.

Na kabla hujanipandisha kizimbani, fungua Kabati lako usome kanuni ya tatu, uliyoiandika kwa mkono wako: "Ondoa mbiu zote kabla ya kutuma. Tunahifadhi muziki, si makelele ya walevi." Nilitii. Niliondoa mbiu, nikakutumia muziki mtupu, na ukaniandikia shukrani bila kunijua. Leo unaniuliza mbiu ziko wapi! Kamuulize aliyetunga kanuni.

Unauliza pia, ingawa umejizuia kuandika, kwa nini mtu aliyewachapa wakubwa kwa kalamu miaka ishirini sasa anamwandikia mkubwa. Nitakujibu. Gazeti lilifungwa. Niliandika ilani za watu wema watatu, kurasa thelathini kila moja, na wote watatu walishindwa na mtu aliyegawa kofia. Mpiga kura wa Ain Tefah hasomi ilani. Hata mwandishi wa ilani haisomi mara ya pili. Lakini mpigie kodiani ya harusi ya mwaka ambao alikuwa na meno yote, na moyo wake utafungua mlango wenyewe. Hiyo ndiyo siasa iliyobaki. Wanaoilaani ni wale wanaoishi Ufaransa na kupiga kura kwa kubonyeza alama ya moyo.

Kuhusu utepe, sikufichi: umeliwa na mashine. Muziki nilikuwa nimeshauhamisha kwenye kompyuta, mbiu zimekwenda. Kikohozi ulichokisikia ni bahati mbaya ya fundi wa studio.

Msalimie Mama Setti. Mwambie gari litapita kwa sauti ya chini.

Ghauti


Roubaix, 7 Novemba 2017

Ghauti,

Kanuni ya tatu ni yangu, sitaikana. Nikwambie basi ilikotoka.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, napita na wenzangu wenye vitabu kifuani, na ndugu yangu amesimama juu ya kiti katika harusi ya mfanyabiashara wa ng'ombe, shati limelowa, anapaza majina ya walevi. Wenzangu wakauliza, "Unamjua huyo?" Nikasema simjui. Alinisikia. Usiku ule aliniletea zlabia, vile vitamu vya asali, zimefungwa katika karatasi. Nilipolifungua Kabati, kila kaseti ilikuja na mpiga mbiu wake, na kila mpiga mbiu alikuwa Jelul ninayemkana upya. Nikaona heri wote wanyamaze. Watu wakaniandikia kutoka Oran mpaka Montreal: asante dada, umetugundulia muziki tuliosahau. Nyimbo elfu nne. Safi kabisa.

Sasa sikiliza, maana safari iliyopita sikukwambia yote.

Mama hataki sauti tu. Unajua kinachosemwa mjini: kwamba katika harusi yako Jelul alipaza maneno ya siasa, kuhusu ule uchaguzi wa nchi nzima uliofutwa mwaka huo, na wiki tano baadaye likaja gari jeupe likamchukua. Gari la nani, upande gani, mpaka leo hatujui. Mama alikuwa jikoni na wanawake, hakusikia. Lakini majirani walimwambia: mwanao kajiponza kwa mdomo wake. Tangu siku hiyo amemkasirikia. Umewahi kuona mama anayemkasirikia mtoto asiye na kaburi? Anapika, anasema, "Angefunga mdomo angekuwa anakula." Anafua, anasema, "Aliipenda siasa kuliko mimi."

Juzi aliniambia: "Nataka kusikia kwa sikio langu alichosema. Kama alinitupa kwa makusudi, nimsamehe nife. Kama sivyo, niombe radhi mimi."

Pita kwake. Ni mitaa mitatu tu kutoka kwako. Chukua chochote kilichobaki katika utepe huo, hata kama ni mkwaruzo, umsikilizishe.

Mukhtaria


Ain Tefah, 12 Novemba 2017

Dada Mukhtaria,

Nimekwenda.

Kwanza habari njema. Nilimpelekea utepe fundi, akauungaunga, na mwisho wake umepona. Sekunde ishirini, nimeziambatisha hapa. Ndiyo ile mbiu aliyofungia kila harusi: "Na hii ya mwisho ni ya Setti, malkia asiye na taji, kutoka kwa Jelul, mwanawe asiye na kitu!"

Nilimkuta mama yako ameketi kitandani, kilemba cheupe, mgongo wima kama hakimu. Jirani yake alikuwa amemletea mkate wa kesra wa moto.

"Nani?"

"Ghauti, Mama Setti. Mtoto wa Benauda."

"Yule wa magazeti? Karibu. Umenenepa, nasikia kiti kinalia. Kula."

Nikala. Akaniuliza kama Haji Benyamina ataleta maji. Nikasema atayaleta. Akasema, "Basi mimi na mifereji tutakauka pamoja." Kisha nikamwekea simu sikioni.

Hakulia. Nilijitayarisha kwa kilio, haikuwa hivyo. Alisikiliza mara tatu, kila mara midomo yake ikitangulia maneno kwa nusu ya pumzi, kama mtu anayemfundisha mtoto aya. Halafu akasema, "Alikuwa na mafua. Nilimwambia asitoke na kichwa kilicholowa." Na baada ya hapo: "Irudishe nyuma. Ile ya kabla ya hii."

"Hiyo imeliwa na mashine, Mama."

"Mashine yenu ina akili. Imekula palepale."

"Ndivyo ilivyotokea, Mama Setti."

"Mwanangu, Jelul aliisema peke yake, au kuna aliyemtuma?"

Nilikuwa na mkutano wa kampeni saa kumi. Nilimbusu kichwa nikaondoka. Atafurahi ukimpigia.

Ghauti


Roubaix, 14 Novemba 2017

Ghauti,

Nilizisikiliza nikiwa nimesimama jikoni, nikakaa chini sakafuni. Kwa sekunde hizo ishirini nakushukuru, na nitakushukuru mpaka siku yangu. Sasa hayo tuyaweke upande mmoja.

Miaka kumi na miwili kazi yangu ni kusikiliza kanda za watu. Utepe ulioliwa na mashine hujipinda, sauti hunywea kama maji yanayokwenda shimoni. Wako haujaliwa. Wako umekatwa, tena kwenye kompyuta, kwa mkono uliotulia. Kabla ya neno "na hii" kuna kofi moja zima na nusu ya kofi. Nusu ya kofi, Ghauti! Nani hupiga nusu ya kofi harusini?

Mama naye amekusikia vizuri. Alinipigia baada ya wewe kuondoka: "Amekuja mtoto wa Benauda. Amekula vizuri, amedanganya vibaya. Anaogopa kitu. Mwambie sitamuuma, meno yenyewe sina."

Nasoma pia kazi zako za siku hizi. Zinanifikia, watu wananitumia kutoka kila kundi. "Mpinzani wa Haji anauza viwanja vya makaburi." "Wanaoipinga orodha namba nne wana pasipoti mbili." Hakuna jina chini, hakuna aliyeandika, zimefungiwa tu wimbo mtamu mgongoni, zinatumwa nyumba hadi nyumba. Enzi za gazeti ulikuwa unamtukana mtu na kutia saini, na kesho yake unakunywa kahawa palepale anapokunywa yeye. Nilikuchukia mara nyingi lakini nilijua wa kumchukia. Sasa nimchukie nani, kodiani?

Daktari anasema wiki moja, labda siku kumi. Nimetafuta tiketi, nafika tarehe 21. Lakini huna haja ya kunisubiri. Chochote ulichokikata, kirudishe. Hata kama ni tusi. Hata kama alimtukana nabii wa mtu. Mpelekee mama leo.

Mukhtaria


Ain Tefah, 22 Novemba 2017

Mukhtaria,

Uko mitaa mitatu kutoka hapa na mimi nakuandikia barua kwa mkono, niipenyeze chini ya mlango kama mdai. Jana tulipombeba mama yako nilikuwa mguu wa jeneza wa nyuma kushoto. Ulipofika kutoka uwanja wa ndege kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Ulinipa mkono kama unavyompa kila mtu, nami nikapita kama wengine. Mdomo wangu unajua kusema mbele ya watu elfu tu.

Barua yako ya tarehe 14 niliisoma siku hiyohiyo. Siku sita nilikuwa nayo. Kila asubuhi nilisema leo nitakwenda, kila jioni nikasema kampeni ikiisha. Jumatatu alfajiri msikitini wakatangaza jina lake.

Kaseti imo humu ndani ya bahasha. Nzima, haijawahi kuliwa na mashine yoyote. Mbiu unayoitafuta iko upande wa pili, kabla tu ya ile ya mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Uchaguzi ulikuwa umefutwa Januari, na mimi nilikuwa nimejaa maneno mpaka kooni, sina gazeti la kuyatia. Siku ya harusi yangu niliandika mstari mmoja kwenye karatasi ya sigara, nikaukunja ndani ya noti, nikampa Jelul: "Na hii ni ya sanduku la kura lililofungwa mdomo. Ain Tefah haijasahau." Niliupenda mstari huo. Bado ni mzuri, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu.

Akauliza, "Kutoka kwa nani?"

Nikasema acha hivyo.

Unazijua desturi zao kuliko mimi sasa. Mbiu lazima iwe na mtoaji. Isipokuwa na mtoaji, watu wote huhesabu ni ya mpiga mbiu mwenyewe, maneno yake na dhamana yake. Mimi nilijua hivyo. Ndiyo maana nilitaka iwe hivyo. Alicheka, akapanda juu ya kiti, akaipaza. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, nami nikapiga makofi kama mgeni tu aliyeshangazwa. Akaunganisha haraka na ile ya mama yake.

Wiki tano. Baada ya hapo nilianza kuandika kwa jina langu kamili, kila makala, kila tusi, miaka ishirini. Watu waliita ule ushujaa. Nilikuwa najaribu kulipia saini moja kwa kutia saini elfu, na haikulipika, kwa hiyo mwishowe nilichoka, nikarudi kwenye kazi niliyoijua tangu mwanzo: kuandika bila jina na kumpa mwingine apaze.

Mama yako aliniuliza kuna aliyemtuma. Nilikuwa na kesra yake mdomoni.

Kesho watapiga kura. Nimemwambia Haji Benyamina asiniite tena. Hakuuliza sababu, ameshapata wimbo.

Fanya utakavyo na kanda hii. Ukitaka mji usikie jina langu, mimi mwenyewe nitalipaza.

Ghauti Benauda


Ain Tefah, 9 Desemba 2017

Ghauti,

Barua yako niliikuta asubuhi nikifagia. Niliisoma nimeinama, ufagio mkononi.

Siku mbili za kwanza nilikuandikia kurasa tisa za laana, na najua kulaani, tumesoma magazeti yaleyale. Nilikuwa nazo tayari. Sitazituma, na sababu si huruma, kwa hiyo usijifariji mapema.

Baada ya arubaini ya mama nitarudi Roubaix. Kwa sasa nakaa hapa nyumbani kwake na kompyuta yangu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kuiweka kanda yako katika Kabati, nzima, pande mbili, na chini yake nikaandika: Mpiga mbiu ni Jelul, mwana wa Setti, wa Ain Tefah. Mtoaji wa mbiu ya kumi na saba ni Ghauti Benauda. Haji wenu ameshinda kwa kura sitini na moja na mji umeshughulika na hilo, lakini wapo waliosikia. Utakuwa umeshaona wanavyokuamkia mkahawani.

Kisha nikaifuta kanuni ya tatu. Niliandika mahali pake: nani ana kanda za Jelul?

Nilitegemea moja. Labda mbili. Zimekuja kumi na moja kwa siku kumi. Fundi cherehani wa Saida anazo tatu. Kijana mmoja wa Montreal, aliyezaliwa baada ya yote haya, ameuliza huyu mpiga mbiu ni nani na mbona hakuna mtu anayemjua, kwa nini anaimba huku anaongea. Zote zilikuwa madrooni mwa watu. Nilipomuuliza fundi cherehani kwa nini hakuzituma miaka yote hiyo alishangaa. "Dada, si ulisema hutaki makelele?"

Katika kanda nne kati ya hizo anamtaja mama.

Ya kumi na moja ndiyo iliyonirudisha kwenye karatasi hii. Imetoka kwa mama mmoja wa Temushent, binamu wa aliyekuwa mkeo. Ni harusi yako. Yeye alikuwa binti mdogo na kinasa sauti kipya, amejificha chini ya meza ya maharusi, karibu na kiti cha Jelul. Muziki hausikiki vizuri. Mnaosikika ni nyinyi wawili.

Ulisema alicheka. Hakucheka, Ghauti. Nakuandikia kama ilivyo kwenye kanda, neno kwa neno:

"Kutoka kwa nani?"

"Acha hivyo."

"Siwezi kuacha hivyo. Isiyo na mtoaji ni yangu."

"Basi iwe yako leo. Zawadi ya harusi."

"Mama yangu yuko jikoni humo ndani, Ghauti. Hana mtoto mwingine wa kiume. Andika jina lako."

"Umeogopa? Jelul mzima?"

Kijiko kinaanguka. Kisha yeye: "Nipe. Lakini nikimaliza nitamsalimu mama palepale, ili wakumbuke hiyo ya mwisho."

Ndiyo maana aliunganisha haraka. Mama alikaa miaka ishirini na mitano akidhani alisahauliwa, na mwanawe alikuwa juu ya kiti anajaribu kumfunika kwa sauti yake.

Sasa sababu ya kurasa tisa kubaki mezani. Nilimpigia yule mama wa Temushent kumshukuru. Nikamwambia, laiti ungeileta mapema, mama yangu angeisikia. Akasema kwa upole, "Lakini dada, niliileta." Nikabisha. Akanitumia barua aliyokuwa ameihifadhi, ya Machi 2011. Aliniandikia: ninayo kanda ya harusi moja ya Ain Tefah, muziki si mzuri sana, lakini mpiga mbiu anasikika vizuri mno, pengine wapo watu wake wanaomtafuta.

Na jibu langu lipo chini yake. Nimelisoma mbele ya kitanda cha mama. Nalinakili hapa kwa sababu wewe pekee ndiye unayeweza kulisoma bila kunifariji:

"Asante kwa kutukumbuka. Kwa bahati mbaya hatupokei kanda zenye mbiu. Tafadhali usitume. Mukhtaria."